Alimshauri Achukue Kazi, Kumbe Ni Kazi Yake

Saa nne asubuhi, mvua inagonga madirisha ya ghorofa ya tatu mtaa wa Dago, mjini Bandung, Indonesia. Imas Komariah ameikodolea macho skrini kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichofuata.

"Teh, kazi yako nimeirudisha," anasema Rengganis, msichana wa miaka ishirini na minne anayekaa meza ya jirani. Teh ni dada kwa Kisunda, lugha ya eneo hilo, na ofisi nzima humwita Imas hivyo.

"Umeirudisha tena?"

"Tena. Dawa isipokuwa na tarehe ya kuisha, programu inazimika."

"Dawa gani hiyo haina tarehe?"

"Ile ambayo karani amesahau kuijaza, Teh."

Imas anajishika kichwa, anacheka, kisha anavuta kiti karibu na skrini. Mwaka jana wakati kama huu, yeye ndiye alikuwa meneja wa Rengganis. Leo Rengganis ndiye anayekagua kazi yake kabla haijapelekwa kwenye maghala ya dawa ya hospitali zinazotumia mfumo wa kampuni yao.

"Ukiniuliza nimepanda au nimeshuka, sitakujibu," anasema huku macho yakiwa kwenye kazi. "Si kwamba nakuficha. Sijui."

Imas ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Sumedang, kwa baba aliyekuwa akikaanga na kuuza tofu ya soya kando ya barabara kuu. Kompyuta aliigusa mara ya kwanza akiwa chuoni, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Aliandika programu kwa miaka kumi na mitano, kisha akawa meneja wa wahandisi kwa miaka tisa.

Ni katika miaka hiyo ya umeneja ndipo jina lake lilipovuka mipaka ya ofisi. Kila Alhamisi mchana alikwenda kula kwenye kibanda cha batagor, vitafunio vya samaki vya kukaanga, nyuma ya jengo lao, na vijana wa kampuni nyingine wakaanza kumfuata huko kumuuliza mambo ya kazi. Mwingine anataka kuhama. Mwingine amenyimwa cheo mara mbili na hajui kosa lake. Mwingine anaona haya kuomba nyongeza.

Hakuwa na maneno ya kubembeleza. Aliyelalamika kwamba bosi wake hamjali aliulizwa kama amewahi kumwambia huyo bosi anachokitaka. Aliyetaka umeneja kwa sababu amechoka kuandika programu alipewa jibu ambalo mpaka leo vijana hulirudia kwa kucheka: "Utachoka na watu vilevile. Na watu hawana kitufe cha kuzimia."

Na wale walioshindwa umeneja wakawa wanaona aibu kurudi kuwa wahandisi aliwaambia kurudi si kushuka. "Niliyasema hayo kwa moyo mkunjufu kabisa," anasema Imas. "Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti."

Mwezi wa tatu mwaka huu, Alhamisi moja, Galih Permana alimwomba wakae meza ya pembeni, mbali na wengine. Galih, mwenye miaka thelathini na mmoja, alikuwa mhandisi katika timu ya Imas mwenyewe. Imas ndiye aliyemlea kikazi tangu anatoka chuoni.

"Teh, nimeitiwa umeneja," alisema.

"Alhamdulillah! Wapi?"

"Nimeambiwa nisitaje."

"Basi usitaje. Niambie timu yenyewe ikoje."

Galih aligeuza geuza chakula kwenye sahani. "Ni timu nzuri. Kuna kaka mmoja hodari lakini mkorofi, kila kikao lazima agombane na wanaojaribu programu. Kuna dada katoka likizo ya uzazi, anaogopa kuomba kazi ngumu. Na kuna binti mmoja mgeni, mkali huyo, haachi kosa lipite."

Imas anasema aliwatambua wote watatu. Mkorofi alimfahamu. Dada wa likizo ya uzazi alikuwa amezungumza naye asubuhi ileile. Binti mkali alikuwa Rengganis.

"Kwanza nilidhani ananitania," anasimulia. "Halafu nikadhani ananiaga kwa mafumbo. Halafu nikadhani yeye anadhani mimi najua. Nikawa natafuna tu."

Akamuuliza kijana, kwa sauti ya kawaida, meneja aliyepo anaenda wapi.

"Nimesikia anapanda."

"Anapanda kwenda wapi?"

"Sijui, Teh," Galih akamtazama usoni. "Wewe unajua?"

Galih naye ana upande wake wa hadithi. Anasema mkurugenzi alimhakikishia kwamba Teh Imas anapelekwa juu na kwamba ataambiwa siku hiyohiyo. "Nilijua anajua," anasema. "Nikaona anaulizauliza, nikadhani ananipima kama naweza kutunza siri. Nikazidi kuitunza. Kumbe mwenzangu anakufa palepale."

Imas aliweka uma chini. Akamuuliza swali ambalo huwauliza wote: je, unaitaka?

"Naitaka. Lakini ninaogopa."

"Basi ichukue," Imas akamwambia. "Na ukishaichukua usiwe rafiki wa kila mtu, hutaweza."

Mpaka leo hajui kwa nini alisema vile. Kuna siku anadhani ni uungwana. Kuna siku anadhani ni majivuno, kwamba hakutaka kijana amwone akitetemeka. Siku nyingine anaona alisema tu kile ulimi wake ulichozoea kusema Alhamisi baada ya Alhamisi.

Nyumbani, mumewe Dadang, mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama na taulo begani.

"Yaani wamekufukuza kazi kwa mdomo wako mwenyewe," alisema.

"Sijafukuzwa."

"Umepandishwa?"

"Sijui."

"Sasa watoto niwaambie nini?"

"Waambie mama yao yuko kazini."

Asubuhi iliyofuata Imas aliingia kwa mkurugenzi, Pak Hendar, yaani Bwana Hendar, bila kupiga hodi. Wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili wakiwa hawana mvi.

"Nani kakuambia?" Pak Hendar alishtuka.

"Hakuna aliyeniambia, Pak. Ndiyo maana nimekuja."

Mzee yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Wenye kampuni walioko Jakarta, alieleza, waliona akili mnemba sasa inaandika sehemu ya programu, wakaanza kuuliza mameneja wote hawa ni wa nini. Mpango wa kwanza ulikuwa Imas asimamie timu mbili, na Galih awe chini yake. Mpango wa pili ukaondoa cheo hicho. Wa tatu ulikuwa haujakamilika. Katikati ya hayo yote, Pak Hendar alikuwa ameshazungumza na Galih, na hakujua aanzie wapi kuzungumza na Imas.

"Imas, wewe ni mtu wangu, sitakudanganya," alisema. "Hata hiki kiti changu sijui kama kitakuwepo mwisho wa mwaka."

"Niliingia na hasira zangu zote," anakumbuka Imas. "Nikatoka namwonea huruma. Nikafika kwenye ngazi nikajiuliza, sasa hasira yangu nimeiacha wapi?"

Alipewa njia mbili. Abaki kama mshauri, cheo kikubwa kisicho na watu wala kazi inayoeleweka. Au arudi kuwa mhandisi katika timu ileile, chini ya Galih, kwa mshahara uliopungua kwa karibu moja ya tano.

Alhamisi iliyofuata hakwenda kwenye kibanda. Vijana wanne walimsubiri mpaka mwenye kibanda akawaambia waende zao. Wiki ya pili yake pia hakutokea. "Ningewaambia nini?" anasema. "Nilikuwa sina hata ushauri wangu mwenyewe."

Mwishowe alichagua uhandisi. Kile cheo cha mshauri, anasema, alikiona ni mlango wa kutokea uliopakwa rangi nzuri. Dadang aliona mke wake amekosea, na alimwambia hivyo, kisha akamnunulia kiti kipya cha kufanyia kazi nyumbani kwa sababu atakaa sana.

Siku ilipotangazwa, timu nzima ilikuwa kwenye chumba cha kikao. Mkorofi wa timu, Yayan, ndiye aliyetangulia kusema. "Kwa hiyo Teh, sasa naweza kukuzomea?"

"Mbona ulikuwa unanizomea siku zote?"

Watu wakacheka, na Galih akacheka kupita kiasi. Baada ya kikao alimfuata Imas kwenye korido, macho mekundu, akamwambia yuko tayari kukirudisha kile kiti leo hii.

"Mimi si mtoto nimenyang'anywa peremende," Imas alimjibu kwa ukali ambao yeye mwenyewe hakuutegemea. "Kafanye kazi."

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Mambo mengi yalikuwa yamebadilika katika miaka tisa. Zana alizozifahamu hazitumiki tena, na ile akili mnemba iliyomharibia cheo ndiyo aliyotakiwa ajifunze kuitumia. Ikamwandikia sehemu nzima kwa kufumba na kufumbua, na Imas akatumia siku mbili kutafuta ilipokosea. "Inaongea kwa kujiamini kama mimi kwenye kibanda cha batagor," anasema.

Pamoja na hayo, mazoea ya umeneja hayakumtoka. Swali likiulizwa kikaoni, Imas ndiye wa kwanza kujibu. Mtu akikwama, humwacha Galih akaenda kwa Imas. Imas anasema hakuliona hilo kuwa kosa, alidhani anasaidia.

Mwezi wa tano Galih alimwita kwenye chumba kidogo cha mikutano. Alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili.

"Teh, nina jambo. Nalisema kama meneja."

"Sema."

"Unajibu kabla sijafungua mdomo. Mtu akiniuliza mimi, macho yake yako kwako. Na kazi yako inachelewa, kwa sababu kutwa nzima unashauri watu."

"Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna. Nimeyaona mwenyewe."

Imas akauliza kama kuna lingine. Galih akasema hakuna. Imas akashukuru, akatoka, akaenda maliwatoni, akafungua bomba ili watu wasimsikie akilia.

"Ni mimi niliyemfundisha kwamba ukweli hausubiri tathmini ya mwisho wa mwaka," anasema. "Nilimfundisha amtazame mtu machoni, ataje alichokiona, asijifiche nyuma ya wengine. Alifanya yote. Nilisikia uchungu, na papo hapo nikaona fahari, kijana amekuwa. Sasa nikawa sielewi haya machozi ni ya kipi."

Tangu siku ile alijizuia. Kikaoni hukaa na kalamu mdomoni, na Yayan anadai ameshatafuna boksi zima. Mtu akimletea swali la timu, humwelekeza kwa Galih. Kulikuwa na uamuzi mmoja wa Galih, wa kuahirisha toleo jipya la mfumo kwa wiki tatu, ambao Imas aliona wazi kuwa ni woga. Alinyamaza. Katika wiki hizo tatu Rengganis alifukua kosa ambalo lingechanganya akiba za maghala mawili.

"Ningekuwa meneja, ningelitoa lile toleo," Imas anakiri. "Na ningewaambia wote wasiwe waoga."

Halafu, mwezi uliopita, mambo yakageuka tena. Meneja wa timu ya ghorofa ya pili alihama kwenda Surabaya. Pak Hendar akamwita Imas, safari hii akamkaribisha na chai, akamwomba achukue timu ile. Cheo kitarudi, na mshahara pia.

Imas aliomba siku chache. Dadang akasema chukua, hilo halina hata mjadala. Binti yao mkubwa, Laras, anayesoma Yogyakarta, akasema kwenye simu mama afuate moyo wake. "Huyo ndiye hakunisaidia kabisa," Imas anacheka. "Moyo wenyewe ndio niliokuwa nautafuta."

Akaenda kwa Galih.

"Kama meneja wako, nasema baki, nakuhitaji," Galih alimwambia. "Kama mdogo wako, nasema nenda, umeteseka vya kutosha."

"Na leo wewe ni nani?"

"Teh, hata mimi nimechanganyikiwa."

Jumatatu Imas alipanda kwa Pak Hendar akamwambia hapana. Mzee alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza kama bado ana kinyongo. Imas alifikiri kidogo, akasema anacho, ila sicho sababu.

Sababu ni ipi? Hapo Imas husimama, hujaribu maneno, huyaacha. Anasema anapenda kumaliza kitu kwa mkono wake. Kisha anasema la, kuna siku anakichukia. Anasema labda ni ukaidi aliourithi kwa baba yake. Kisha anatikisa kichwa.

"Mara ya kwanza walinipangia wakiwa wamefunga mlango," anasema hatimaye. "Safari hii nimeulizwa. Nilitaka nijue inakuwaje mtu kuulizwa, akajibu anavyotaka."

Amerudi pia kwenye kibanda siku za Alhamisi. Vijana ni wachache kuliko zamani, kwa sababu siku hizi majibu yake hayanyooki. Wiki iliyopita mmoja alimuuliza kama akubali umeneja. Imas akamsimulia yaliyompata, mwanzo mpaka mwisho. Kijana akauliza: kwa hiyo nikubali au nikatae? Imas akamwagizia sahani ya pili.

Mwezi wa kwanza mwakani timu inaanza kazi mpya, mfumo wa zahanati za Pangalengan, huko juu kwenye mashamba ya chai ambako mtandao hukatika kila mvua inaponyesha, na mvua yenyewe ni kila siku. Imas ndiye aliyeiomba kazi hiyo. Programu itabidi iendelee kufanya kazi bila mtandao, jambo ambalo hajawahi kulitengeneza maishani mwake. Ameshapanga kwenda kukaa huko wiki mbili, aone wauguzi wanavyoandikisha wagonjwa, na Galih amemruhusu.

"Nataka niimalize hiyo," anasema. "Muuguzi mmoja tu aitumie siku ya mvua, isimzimikie. Baada ya hapo njooni mniulize tena nataka kuwa nani."

Anatabasamu, kisha uso unabadilika.

"Lakini mje kweli. Msiende kumuuliza mtu mwingine kwanza, kama mara ile."