Mwakeye ya Mlangoni

Melania, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza, anakwenda Dar es Salaam kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi. Kitambulisho chake kilikaguliwa getini, kikakaguliwa mezani, kikakaguliwa tena kwenye mashine ya mizigo. Kila mara alikifungua kutoka kwenye pindo la khanga, kila mara akakifunga tena, na hasira ikazidi kumpanda.

Kwenye mlango wa mwisho mkaguzi alikisoma, akamrudishia. Melania akajisahau, akamsalimu kwa Kiha, lugha inayofanana na Kirundi, kama anavyowasalimu majirani asubuhi: "Mwakeye!"

Mkaguzi akageuka. "Kumbe wewe Mrundi? Hebu lete tena hicho kitambulisho."

Melania akakifumbata.

"Si umekisoma sasa hivi? Haya, jina langu nani?"

Mkaguzi akanyoosha mkono akitaka kitambulisho.

"Nimezaliwa mwaka gani?"

Abiria nyuma ya Melania wakaanza kuguna, wengine wakacheka.

"Sasa ulikuwa unasoma nini? Tangu getini mnaikodolea macho picha yangu, na mimi mwenyewe nimesimama hapa, hakuna aliyenitazama. Sikitoi tena. Ukitaka kunijua, niulize kama mtu anavyomuuliza mtu."

Mkaguzi akatazama foleni, kisha akamtazama yeye usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Melania akasema, asisogee hata hatua. "Na ile salamu yangu bado hujaiitikia."