Darasa Lililosoma kwa Kelele

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na hadi leo naona aibu. Nilikuwa mwalimu mpya hapa Kibera, damu ikichemka, najiona bingwa. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki moja, ambako mkufunzi wetu, Mwalimu Nyambura, alitufundisha kuwaonyesha watoto sauti za herufi, kisha waziunganishe polepole mpaka neno litoke. Nilijaribu siku chache tu nikachoka. Darasa la jirani lilikuwa likisoma ukurasa mzima kwa pamoja, na wazazi wakipita nje walisimama kusikiliza. Nikaiga. Nasoma mstari, watoto wanaurudia, na baada ya wiki mbili mabati yalikuwa yanatetemeka. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Mtoto mmoja tu ndiye aliyenitia doa. Akinyi alikuwa na miaka saba, na wenzake wakipaza sauti yeye alinyamaza, kidole kwenye kitabu. Nikaamua ni mzito. Nikamwita mama yake, aliyekuwa akifulia watu nguo kule Ayany, nikamwambia Jumatatu amrudishe nasari.

"Mwalimu, akae na watoto wa miaka minne?" aliniuliza. "Huyo hatakubali kuja shule tena."

Nilimjibu kwamba sina la kufanya.

Ijumaa hiyo Mwalimu Nyambura akaja kuniona nikifundisha. Nikawaambia watoto wasome, wakanguruma. Alitabasamu, akafunika picha ya kitabuni kwa kiganja wasikisie, akawaomba waanzie mstari wa mwisho. Mwanangu, walianza palepale juu walipozoea! Akawanyamazisha, akawaonyesha neno moja tu. Hawakuliweza. Wengine walinitazama niwaokoe.

Ndipo Akinyi akasogeza kidole. "Ki... ka... pu," alisema, halafu akainua uso. "Kikapu." Akaendelea na neno la pili, la tatu, hadi nukta. Sauti za zile siku chache nilizofundisha vizuri, yeye alizishika.

Mwalimu Nyambura alingoja watoto watoke. "Hawa umewafundisha kuimba," aliniambia. "Yule anasoma, na ndiye unataka kumtoa. Haraka yako itawaharibia watoto wa watu maisha."

Nililia, na sioni haya kusema. Jioni hiyo nilitembea hadi kwa mama Akinyi, pale Makina, nikamwambia nilikosea, mtoto wake anasoma kuliko darasa lote.

"Ni ukweli ama unanihurumia tu?" aliuliza. Akamwita Akinyi alete kitabu. Mama mwenyewe hakujua kusoma, lakini alikifuata kile kidole cha mtoto mpaka mwisho wa ukurasa, machozi yakimtoka.

Sasa wewe umemaliza mafunzo, na Jumatatu unaanza kufundisha kule Kawangware, darasa la watoto hamsini na kitu. Usidanganywe na kelele. Msikilize kila mtoto peke yake, hata kama ni kwa dakika moja. Sauti ulizofundisha leo, zirudie kesho, na darasa la jirani likikupita, liache lipite. Ukikosea, nenda mwenyewe kwa mzazi ukaombe msamaha, usimtume mtu. Mungu akubariki, mwanangu, akupe subira ya kungoja neno litoke kinywani mwa mtoto, bila wewe kumsemea.