Hasira Ambazo Hazikuwepo

Fundi wa maabara amevunja karibu vikombe vyote vya chai pale kazini, lakini akishika pipeti, kile kijibomba cha kudondoshea vimiminika, mkono wake hautikisiki. Kila asubuhi huzichokoza seli za kinga kwa sumu ya bakteria, kisha huzidondoshea vitamini E aone kama jeni zinazoamsha uvimbe zitanyamaza. Juzi zilinyamaza kabisa, na mkuu wake akaanza kuandika ripoti kwa furaha. Fundi akapekua daftari lake, akajikuna shingo, akamfuata ofisini.

“Mkuu, futa hiyo. Nilisahau kuzichokoza. Bingwa mzima nimetuliza seli ambazo hazikuwa na hasira.”

Mkuu akaweka kalamu chini. “Nani mwingine anajua?”

“Wewe tu. Ndiyo maana nimekuja mbio, kabla sijajionea huruma nikaficha.”

Akarudi mezani, akavaa glavu mpya.