Gimbi la Mama na Mbwa Wetu Mdogo

Krrr, krrr. Ndivyo asubuhi ilivyoanza kwetu Sumbawanga: mama akiliburuta debe la gimbi sakafuni, analifuatisha jua la dirishani. Mbegu yake alikuja nayo kutoka kwao Mbeya, ameifunga kwenye kanga, baba alipohamishiwa huku kuwa bwana shamba. Upepo wa baridi wa Ufipa uliyaunguza majani yake, basi likawa ua la ndani. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kazi niliyoiweza sana ni kuota ndoto. Nilijilaza chini ya yale majani mapana nikajiona niko kwenye ndege.

Siku moja baba akiwa safarini Mtowisa, mbwa wetu mdogo alitoka ndani mbio, udenda unamchuruzika, anajikwangua mdomo kwa miguu. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akianika ulezi, akapanda juu ya jiwe na kupiga yowe kwamba mbwa ana kichaa. Mara balozi wa nyumba kumi akafika na rungu.

"Shikamoo, baba," nikasema, nimesimama katikati yao, machozi yananitoka.

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Akikuuma, nitamwambia nini baba yako?"

Mama akatoka ameshika jani lililotafunwa. "Baba, si kichaa hicho. Katafuna gimbi. Likiwa bichi linawasha vibaya, hata mtu anavimba ulimi."

"Na nyie mnalikula?"

"Mpaka liive sana."

"Watu wa Mbeya nyie. Kinachowasha mnakilaza ndani, mbwa mnamlaza nje."

Jirani akacheka, ila kwenye jiwe hakushuka.

Balozi angeweza kupiga tu, na nani angemlaumu? Usalama wa watoto wa nyumba zote kumi ulikuwa juu yake. Lakini akaliegemeza rungu ukutani, akamfunga mbwa kwa kamba, akaagiza awekewe maji, maana wanasema mbwa mwenye kichaa huyaogopa. Siku hiyo ilikuwa ya shamba la kijiji, na wenzake walikuwa wakimngoja. Yeye akavuta kigoda akakaa. Mbwa aliyasogelea maji, akarudi nyuma, akayasogelea tena, kisha akayalamba yote. Jua lilipopinda, udenda ulikuwa umekauka na mkia unacheza.

Mama akamkaribisha chai.

"Mpeni mgonjwa," akasema, akachukua rungu lake akaenda zake shambani.

Kila nikimkumbuka, moyo wangu unamshukuru.

Mama alipoingia jikoni, nilikata fito nyuma ya nyumba, nikazichomeka ndani ya debe kulizunguka gimbi, nikazisuka kwa katani mpaka pua ya mbwa isingepenya.