Dhiki Iliyokwisha Kupita

Jumapili hii ringi la lori tunalolitumia kama kengele halikulia, kwa maana mgongaji wake hayupo. Ni mwinjilisti wetu, mwenye vidole vinene, ambaye hulowesha kidole gumba kwa ulimi kabla ya kufunua kila ukurasa, na ambaye kila akifika kwenye siku za mwisho hushusha sauti kama anayeongea na mgonjwa. Miaka yote alituambia Bwana yu mlangoni. Jumapili iliyopita alisoma habari za dhiki kuu, kisha akasema: “Jamani, nilikosea. Haya waliambiwa watu wa kizazi kile, na wao waliyaona. Yerusalemu ilichomwa, hekalu likabomolewa. Dhiki hii ilishapita.” Mtoto alilia, asipatikane wa kumbembeleza. Mama Gwantwa akasimama. “Mwinjilisti, kahawa yangu kule Mlowo niliiacha ikafa kwa maneno yako. Na njaa yangu nayo ilishapita?” Vidole vya mwinjilisti vikatafuta ukurasa, visiuone. Mchana uleule wazee wa kanisa walimvua uinjilisti mbele yetu. Sasa yuko Mlowo, shambani kwa Mama Gwantwa, anachimba mashimo ya miche ya kahawa.