Rupia Tuliyoisugua kwa Majivu

“Usiisugue, shangazi! Sarafu ya kale haisuguliwi, utaiharibu.”

Nani kamwambia kuwa sijui? Kijana wa kaka yangu alinirukia hivyo mwezi uliopita, nyumbani kwake Mbinga mjini. Nilikuwa nimetoka Songea kwa basi kuja kumwogesha mtoto wake wa kwanza. Maji yalikuwa bado jikoni. Nilifungua pindo la khanga nikatoa senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati na meno ya tembo pembeni, nikaanza kuifuta vumbi kwa kidole. Kijana akaiona, akaishika simu. Kuna mtu mtandaoni ananunua sarafu kama hizi, akasema, ila anataka picha za karibu, herufi zote zisomeke. “Tupige picha tu, shangazi.”

Ndugu yangu, wewe unanifahamu, mimi si mtu wa kupayuka ugenini. Lakini maneno hayo yalinichoma, maana niliwahi kuyasikia, na yaliyofuata nayajua.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi kwa bibi kule Mkumbi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Zamani kahawa yetu ilikwenda chama cha ushirika, basi. Sasa wakaja wanunuzi binafsi, magari yao yakinguruma kwenye vilima toka asubuhi, kila mmoja na mdomo wake mtamu. Ua wa bibi ulinuka kahawa mbichi iliyoanikwa. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza kwa mikono na kufukuza kuku, na mchana tulikula kande, au ugali na samaki mbasa mkavu aliyepandishwa kutoka Mbamba Bay, kama kuna mtu katoka ziwani. 

Bibi alikuwa na sarafu mbili tu za kale. Moja ni hii ya tundu, aliyoifunga kwa uzi. Nyingine ilikuwa rupia ya Mjerumani, ya fedha, nzito, nyeusi kwa umri, na juu yake sura ya mfalme wao, mzee wa masharubu aliyevaa kofia yenye ndege. Kila mtoto wa nyumba ile alipoogeshwa mara ya kwanza, bibi aliiangusha rupia kwenye beseni la bati. Ngliiing! Mtoto akishtuka tu, bibi anacheka: “Kasikia. Huyu ni wetu.” Mama yangu aliisikia, mimi niliisikia, na kijana huyu wa kaka aliisikia majuma machache kabla ya haya ninayokusimulia.

Basi mnunuzi mmoja wa kahawa akaja na rafiki yake mwenye kamera shingoni. Yule rafiki hakuitazama kahawa hata kidogo. Alimwamkia bibi vizuri, shikamoo kwa adabu zote, akauliza kama kuna pesa za zamani ndani. Bibi, kwa uzuri wa moyo, akamwonyesha rupia. Jua lilikuwa limeshaelekea kuzama, mgeni akasema mwanga hautoshi, atarudi kesho. “Napiga picha tu, bibi. Nitakuletea na wewe yako.”

Sasa sikia kosa letu. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Kama anakuja kupiga picha, watu wanaoga, sufuria zinasuguliwa, ua unafagiliwa. Bibi akaniita: “Mjukuu wangu, itengeneze ipendeze, isitutie aibu.” Nikaisugua rupia ile! Nilichukua majivu, ndimu, mchanga wa mtoni na gunzi la mahindi, nikaisugua mpaka mikono ikawaka moto. Ikatoka inang'aa kama kijiko kipya. Bibi akanisifu mbele ya jirani. Ile ya tundu haikusuguliwa kwa sababu mtoto huyo wa kaka alikuwa amefungwa nayo kiunoni na amelala.

Asubuhi mgeni akatandika kitambaa cheusi karibu na mlango, pembeni ya jua, maana jua kali, alisema, linafuta sura ya sarafu. Akaegemeza njiti za kiberiti chini ya rupia ili iinuke upande mmoja, akaweka karatasi nyeupe kurudisha mwanga, akaongeza kioo cha kukuza mbele ya kamera. Alipochungulia, akafura.

“Nani kaisugua hii?”

Bibi akanionyesha, bado akitabasamu, masikini. Yule mtu akanivuta nichungulie. Nikaona masharubu ya yule mzee yamejaa mikwaruzo, mikwaruzo yangu. “Mmeiua,” akasema. “Sasa ni takataka hii. Haya, kwa kuwa nimeshakuja, naichukua niwasaidie.” Akatoa vipande viwili vya sabuni. Bibi, kwa aibu ya kumharibia mgeni safari yake, akapokea. Tena akashukuru!

Lakini mimi nilimtazama. Aliifunga rupia kwenye leso safi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, kisha akapapasa juu yake. Takataka gani hiyo inafungiwa kifungo? Mwizi mkubwa! Nilikuwa na miaka tisa, sikuweza kusema. Nikabaki mimi ndiye niliyeiua rupia ya bibi, na nyumba nzima ilinitania hivyo mpaka nikaolewa, nami nikicheka nao huku nimeumia. Picha haikuletwa. Bibi aliingojea miaka, kila gari likinguruma anainua kichwa. Amekufa hajaiona.

Kwa hiyo kijana aliposema tupige picha tu, nilimnyang'anya simu. Nikatandika khanga nyeusi dirishani, nikaweka njiti, nikaweka karatasi. Nikapiga. Herufi zote zilisomeka, na uchafu wa kiuno chake mwenyewe ulionekana kwenye tundu. Kijana akashangaa, shangazi umejifunzia wapi? Nikamrudishia simu. Picha akaituma, na mnunuzi akajibu hapo hapo: anaitaka, ila isiguswe na maji wala sabuni.

“Shangazi, tusiitie kwenye beseni basi,” kijana akaniambia taratibu. “Itashuka thamani.”

“Thamani ya nani?” Nilimfokea mpaka mtoto akalia. “Mwambie huyo mtu wako abaki na picha. Picha ndiyo alisema anataka!”

Nikamimina maji, nikamshika mtoto, nikaiangusha senti kumi kwa nguvu zangu zote. Lakini siku hizi mabeseni ni ya plastiki. Ililia “tup” tu, kama punje ya hindi, ikazama. Mtoto hakushtuka. Watu wa nyumbani wote wakanitazama wakingoja niseme yale maneno ya bibi, “Kasikia, huyu ni wetu,” na mimi nikainama nikamsugua mtoto miguu, kwa sababu hakusikia kitu.