Kikombe cha Doto

Maji yaliyochemshwa kwa kuni yana harufu yake. Hata uyaache yapoe siku nzima, hata uyachuje kwa kitambaa cheupe, ukiinua kikombe moshi unakupokea kabla ya maji. Wiki iliyopita gesi iliniishia, nikachemsha ya kunywa uani kwa kuni. Nilipoonja tu, nikarudi utotoni kwetu Ngokolo, nina miaka saba na kijiba cha roho kisicho na dawa.

Mimi ni Kulwa. Anayewajua Wasukuma ameshaelewa kwamba nina pacha, na kwamba anaitwa Doto. Nilitangulia kutoka, kwa hiyo wazazi wetu wakaitwa Mama Kulwa na Baba Kulwa. Jina nililipata mimi. Vingine vyote, nawaambia ukweli, alivipata Doto.

Tulipokuwa na miaka mitano Doto aliharisha mpaka akalazwa, macho yakaingia ndani. Alirudi nyumbani mzima, lakini mama hakurudi yule yule. Muuguzi alimwambia maneno mawili, "chemsha" na "wadudu", na mama akayafanya dini. Alimnunulia Doto kikombe cha bluu chenye mfuniko, kikakaa juu ya kabati. Kila asubuhi alikitokosa kwenye sufuria kama kiazi, na asiye Doto hakuruhusiwa kukigusa. Wakati wa kula, sisi wengine, mimi na jamaa tulioishi nao, tulinawa katika beseni moja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na lilipofika kwangu maji yalishakuwa mchuzi. Doto alimiminiwa yake kwa jagi, kama mgeni rasmi.

Baba alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Kharumwa. Alikuja mwisho wa mwezi, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope.

"Baba Kulwa, oga kwanza!" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Usimshike Doto na hayo mavumbi!"

Basi baba alinibeba mimi. Niliposhushwa, gauni lilikuwa limebadilika rangi, na Doto yuko dirishani, msafi, anatutazama. Roho iliniuma. Niliona mwenzangu analindwa, na mimi hata nikichafuka potelea mbali.

Bibi mzaa baba alipotutembelea, alicheka mno.

"Wadudu gani hao wasio na miguu, Mama Kulwa? Mimi nimezaa tisa, wote wamekunywa maji ya lambo."

Mama aliongeza kuni.

Siku moja mama alikwenda gulioni Tinde. Nikaburuta kigoda, nikapanda, nikakishusha kikombe. Kwanza nilichungulia niwaone hao wadudu. Sikuona hata mmoja. Nikanywa. Kwa jinsi kilivyotunzwa, nilitegemea asali. Yalikuwa maji ya moshi tu! Nilipandwa na hasira, nikayatema humo humo, nikafunika, nikarudisha.

Kesho yake Doto akaamka na homa.

Hofu iliyonipata sijui niieleze vipi. Niliamini nimemuua pacha wangu kwa mate yangu. Nilinawa kwa sabuni ya unga, nikanawa tena, mpaka vidole vikapasuka. Nilikataa kula. Usiku nilishuka kitandani nikalala sakafuni, nisije nikampumulia. Nilichokionea wivu miaka miwili, sasa sikutaka hata kukitazama.

Siku ya tatu mama alinikamata mkono kwenye beseni.

"Kulwa, mikono imefanyaje hii?"

"Nimempa Doto wadudu, mama. Nilitema kwenye kikombe chake."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye maji.

"Doto kapimwa, ana malaria. Ni mbu aliyemng'ata, ng'wanawane. Siyo wewe, mwanangu."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Alikuwa bado ameushika mkono wangu, akiutazama, na ndipo nikauona wa kwake. Ulikuwa na nyufa zile zile. Kisha aliinuka, akashusha kikombe cha bluu, akanywa yeye, akaninywesha mimi, akampelekea Doto kitandani. Msidhani mama alipona siku hiyo: jioni nilimkuta anakitokosa tena.

Nimekua ndipo nikaambiwa kwamba katika wale tisa wa bibi walibaki wanne. Mama alilijua hilo siku zote, akamwachia mkwewe acheke. Mimi niliona kikombe cha mapenzi, kumbe kilikuwa cha woga, na woga wote ule aliubeba mwenyewe bila wa kumsaidia.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa jambo. Lakini baada ya yale maji ya wiki iliyopita nilimpigia Doto simu. Yuko Geita, ana watoto watatu na mwili wa kutosha. Nikamwambia nimekunywa maji ya kikombe chake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe ulikililia kikombe," akasema, "mimi pale dirishani nalililia vumbi."

Baba hatunaye tena, ni mwaka wa nne huu.

"Mimi alinishika akishaoga," Doto akaendelea. "Kwangu baba alinukia sabuni tu, siku zote. Kwako alinukaje, Kulwa?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kumweleza.